Udongo wa Hombolo Uani Gerezani

Shamba la familia lilipouzwa, Selina alibeba mche wa mzabibu na magunia ya udongo wa Hombolo, Dodoma, mpaka kondakta akamuuliza kama anahama na kiwanja. Akaupanda uani kwake, mtaa wa Gerezani, mjini pwani. Baba yake, Mzee Chibago, hoi kitandani, alitaka kuonja mvinyo wao kabla hajafa.

Mwaka wa pili mzabibu ukazaa. Zabibu zikaota ukungu kabla hazijaiva.

"Shikamoo baba. Zinaoza."

"Marahaba. Udongo umeubeba, mama. Baridi yetu ya usiku na upepo mkavu umemwachia nani?"

Selina akacheka huku machozi yanamtoka. Akachukua kipepeo cha jikoni, akarudi uani kuupepea mzabibu. Jasho lilimtiririka, na majani yakabaki yameloa unyevu wa pwani.