Baiskeli Iliyokuwa Darini

Kinyozi alikuwa amemaliza upande wa kulia wa ndevu za mteja wakati dari ya chumba cha mama yake ilipoanguka. Alisikia kishindo, kisha kengele ya baiskeli ikalia mara moja. Akamwambia mteja asitikisike, akamaliza upande wa kushoto, akampaka spiriti, akampangusa nywele shingoni, ndipo akaenda kutazama. Dari ikishaanguka imeanguka, lakini mtu mwenye ndevu nusu hana pa kwenda.

Juu ya kitanda cha mama, katikati ya mbao zilizovunjika, ilikuwa imelala baiskeli. Kutu ilikuwa imeila kuanzia usukani mpaka karia. Matairi yalikuwa yameoza yakabaki nyuzi. Hata hivyo aliitambua, na mtaa mzima ungeitambua, hata wale ambao hawakuwahi kuiona, kwa jinsi ilivyosimuliwa.

Ilikuwa ya babu. Babu alipokufa aliwaachia wanawe wawili nyumba na baiskeli, vyote kwa pamoja. Siku moja baiskeli ikapotea. Mkubwa, baba yake Kinyozi, akasema mdogo wake ameiuza akaila. Mdogo akala yamini, akalia, mpaka akavua shati wamkague, kana kwamba baiskeli hufichwa kwapani. Hakuna aliyemwamini. Akafukuzwa na godoro lake, akaenda kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, na tangu hapo kila akipita watu humwuliza baiskeli iko wapi. Jina likamganda: Ikowapi. Chumba chake akapewa Kinyozi, ambaye alikuwa mtoto. Alipokua akakitoboa mlango wa kuelekea barabarani, akatundika kioo, kikawa saluni.

Mama aliingia na beseni la nguo, akaitazama baiskeli kitandani kwake.

"Itupe," akasema. "Chuma chakavu hicho."

Akatoka kwenda kuanika. Hakuuliza imetoka wapi, na hapo ndipo machale yalipoanza kumcheza Kinyozi. Mtu akikuta baiskeli kitandani kwake huuliza.

Habari zilienea kabla hajamaliza kufagia. Mtaani walikubaliana haraka kwamba Ikowapi ameingiwa na aibu, akaja kwa siri kuirudisha, na kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa akaipitishia kwenye bati. Jioni mwenyewe akaja. Alisimama nje ya saluni, kwa kuwa hajawahi kukikanyaga chumba kile tangu alipotolewa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Naomba kuiona."

Kinyozi akaitoa. Ikowapi hakuigusa. Aliizunguka, akainama akatazama pedali, akainuka.

"Itengenezwe," akasema. "Nyumba kaeni nayo, sina haja. Nataka unikabidhi hapa barabarani, watu wakiwepo, niipande polepole mpaka sokoni. Wakiona mmenipa wenyewe watajua la kusema."

"Imeoza hii, baba mdogo."

"Mwulize fundi. Fundi akisema haifai, nitakubali."

Fundi baiskeli alikuja kesho yake na kikapu cha spana. Aligonga fremu, akaweka sikio, akagonga tena.

"Nje imeliwa, ndani nzima," akasema. "Inafaa kabisa."

Alisema upesi mno, na Kinyozi hampendi mtu anayesema upesi. Akataka kazi ifanyikie uani kwake, apate kuitazama kupitia mlango wa nyuma huku akinyoa. Fundi alipoanza kufungua pedali ya kushoto kwa kuizungusha kinyume, Kinyozi aliacha mteja akaenda kusimama juu yake.

"Umejuaje kwamba inafunguka kinyume?"

"Pedali zote za kushoto zinafunguka kinyume."

"Zote?"

"Dunia nzima, bosi."

Kinyozi akarudi kunyoa. Hakuridhika. Fundi huyu alikuwa kijana wakati baiskeli inapotea, na kijana mwenye spana anaweza mengi.

Fundi alianza na usukani, kwa brashi ya waya na msasa. Kufikia mchana uling'aa. Kinyozi alikwenda kuukagua, na kwa kuwa maisha yake yote ni kufagia vinavyoanguka, akatazama chini kwanza. Sakafu ilikuwa safi. Hapakuwa na unga wa kutu hata wa kujaza kijiko.

"Kutu umeiweka wapi?"

Fundi naye akatazama chini, akainua miguu, akatazama nyayo zake.

"Haijaanguka," akasema. "Mimi kazi yangu kuitoa. Inakokwenda sijui."

Kinyozi akampekua mifuko kwa macho. Ilikuwa bapa.

Usiku ule mama alipokuwa akipakua chakula, viwiko vyake vya mikono vililia, na chini ya vikuku ngozi yake ilikuwa na rangi ya matofali. Fundi alipomaliza rimu, magoti ya mama yakakaza, akawa anashuka barazani kwa kujigeuza ubavu. Aliposafisha mnyororo, mgongo wa mama ukaanza kunyooka kwa hatua, kituo baada ya kituo. Nguo zake zilianikwa zikiwa na mabaka ya kahawia ambayo hayakutoka kwa sabuni yoyote, na jirani akapendekeza ndimu. Mama mwenyewe alisema ni uzee.

Kinyozi hakupenda wazo lililomjia. Alilifukuza, likarudi. Asubuhi akamwambia fundi, "Leo safisha kengele tu. Kingine usiguse."

"Kengele peke yake?"

"Peke yake."

Akaenda kukaa na mama chumbani, akisingizia kumsaidia kukunja shuka. Uani brashi ikaanza kukwaruza. Ndewe ya sikio la kulia la mama ikabadilika taratibu, kama maji yanavyoingiwa na majani ya chai. Mama akaikuna.

"Mbu," akasema.

Brashi ikanyamaza. Kengele ikajaribiwa, ikalia vizuri.

"Mama," Kinyozi akasema, "baiskeli ile nzito. Mtu mmoja haipandishi darini. Mmoja avute, mwingine asukume."

"Umeanza kunihoji, mwanangu?"

"Nauliza tu."

Mama akakunja shuka mpaka ikabaki ndogo, isiyokunjika tena.

"Baba yako alivuta," akasema. "Mimi nilishika gurudumu la nyuma."

Tangu dari ianguke Kinyozi alikuwa amemshuku marehemu baba yake, akamshuku fundi, akamshuku hata mteja wake mmoja anayekohoa ovyo. Huyu aliye mbele yake alikuwa amemruka kwa makusudi, na sasa alijua kwamba alikuwa anamruka.

"Ulikuwa unalala miguuni kwetu," mama akaendelea. "Ukaanza kurefuka. Kila usiku unanipiga mateke ya mbavu. Na hapo nyuma ya ukuta kuna mtu mmoja, hana mke, hana mtoto, kazi yake kupiga miluzi. Nikasema mwanangu naye apate chumba."

"Si mngemwomba ahame?"

"Tungemwomba vipi? Nyumba yake kama yetu."

Kinyozi aliona haya, na papo hapo akampenda mama yake kuliko siku zote, na ikamwudhi kwamba mambo hayo mawili yamemjia pamoja. Akaenda jikoni akaleta mafuta ya kupikia. Akampaka magotini, kisha kwenye viwiko.

Mchana fundi alimwita. Alikuwa ameigeuza baiskeli magurudumu juu. Kila kitu kiling'aa isipokuwa fremu.

"Imebaki hii," akasema. "Kutu yote nyingine ilikuwa mchezo, kutu yenyewe iko hapa. Nipe mpaka kesho."

Kinyozi aliitazama fremu. Usukani ulikwenda mikononi, rimu zikaenda magotini. Fremu ndiyo inayobeba vyote, na hakuhitaji daktari kumwambia kutu yake ingemwacha mama katika hali gani. Akamfikiria baba yake mdogo akipita sokoni polepole, mgongo wima. Akaifikiria picha hiyo kwa muda mrefu, maana ilikuwa nzuri.

"Acha," akasema. "Haifai."

"Haifai? Nani kasema?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Mtu akikuuliza, wewe umesema haifai."

Fundi akamkazia macho, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa na shaka. Akakusanya spana zake moja moja.

"Kumbe," akasema, akaondoka.

Ikowapi alikuja jioni ya siku iliyofuata, amevaa shati lililopigwa pasi. Saluni ilikuwa tupu. Safari hii aliingia, akakaa kwenye kiti cha wateja, akatazama kuta bila haraka.

"Fundi amesemaje?"

"Haifai, baba mdogo. Imekwisha kabisa."

"Fundi amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

Nyuma ya ukuta mama aliinuka kitandani. Ulisikika mlio mrefu, kisha mwingine mfupi, kisha nyayo. Ikowapi akageuza kichwa kuufuata mlio ule. Kisha akatazama kupitia mlango wa nyuma, pale uani, magurudumu yanayong'aa yakiwa juu na fremu ya kahawia katikati. Alitazama kimoja, akasikiliza kingine. Kinyozi alishika kitana, akakisafisha, ingawa kilikuwa safi.

"Shemeji anaumwa?"

"Viungo."

"Mnampaka nini?"

"Mafuta ya kupikia."

"Hayo yananata, yanavuta vumbi, baadaye inakuwa mbaya zaidi. Mpake ya cherehani. Tone moja kila kiungo, halafu mwacheni akunje mwenyewe, msimlazimishe."

Akasimama, akajikung'uta suruali, ingawa hakunyolewa.

"Nilisema nitakubali," akasema. "Basi nimekubali."

Alipotokeza barabarani mtu akamwita kama kawaida, akamwuliza baiskeli iko wapi. Akajibu kwamba imepatikana, ila haifai. Waliokuwa karibu wakacheka sana.

Kinyozi alifunga saluni mapema, akaenda kwa fundi cherehani, akarudi na kichupa chenye mdomo mwembamba. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, akanyoosha mguu. Tone moja kwenye goti la kulia, tone moja la kushoto. Mama akasubiri, akakunja, akanyoosha, akakunja tena, na uso ukamchanua.

"Nani kakwambia mafuta haya?"

"Fundi," akasema Kinyozi.

"Mungu ambariki," mama akasema, akamletea na mkono.