Bata Sita na Uzi wa Machi

Mke wangu Neda aliwapa bata wake majina ya dada zangu watatu, na sina budi kukubali kwamba alichagua vizuri. Asubuhi, kabla sijapata hata soksi ya pili, nasikia sauti kutoka bustanini: "Dobrinka, toka kwenye saladi yangu, mchafu wewe! Stanka, usimsukume mwenzio! Pavlina, mama, utapasuka!" Dobrinka wa kweli ni mwalimu mstaafu, anakaa Plovdiv, na hajui lolote.

Nililalamika mara moja tu. Neda akaacha kupalilia, akanyoosha mgongo.

"Baba Lilia, hebu mtazame huyo Pavlina anavyotembea. Halafu uniambie nimekosea wapi."

Nilimtazama. Hakuwa amekosea.

Niseme ukweli. Tangu binti yetu Lilia alipokwenda Valencia kufanya kazi, nyumba ilipoa. Tulikuwa tukinywa supu bila kusemezana, si kwa ugomvi, ni kwa kukosa habari. Bata walipokuja, habari zikarudi mezani: nani kalala kwenye beseni la kufulia, nani kameza konokono mkubwa kuliko kichwa chake. Neda alikuwa akisimulia, halafu anacheka mpaka anashika meza. Nampenda mke wangu akicheka, hata kama anacheka ukoo wangu.

Jirani yetu Asparuh, fundi viatu mstaafu, naye alikuwa na bata watatu. Aliwanunua siku ile ile, soko lile lile, kutoka kikapu kimoja na wa kwetu, na wote sita ni weupe pepepe, majike matupu. Tofauti ni kwamba Asparuh alisema wake ni wa kuliwa. "Nyama haipewi jina," alituambia. Krismasi ikaja, akasema bado wamekonda. Mwaka mpya ukaja, akasema wamenenepa mno, mafuta yatamdhuru moyo. Tangu mkewe Gina afariki anakaa peke yake, nikadhani ni uvivu wa kupika.

Sasa, kwenye uzio kati yetu na Asparuh ubao mmoja ulianguka wakati wa theluji. Neda aliniambia niupigilie. Nikamwambia kesho. Bata wakajua njia, na kufika mwisho wa Februari wote sita walikuwa wakishinda pamoja kwenye mfereji nyuma ya bustani, na hata malaika asingejua nani ni wa nani.

Ndipo Neda akapata dawa. Tarehe moja Machi kwetu kila mtu hufungwa uzi mwekundu na mweupe, tunaouita martenitsa, kwa ajili ya afya na mwaka mwema. Tunafunga watu, tunafunga wanakondoo, wengine hufunga hadi gari. Neda akawafunga Dobrinka, Stanka na Pavlina miguuni, kila mmoja wake. Asparuh akatazama akiwa ameegemea uzio.

"Basi shauri limekwisha, jirani," akasema. "Mwenye uzi ni wako. Asiye na uzi ni wa sufuria."

Wakapeana mikono juu ya uzio, nami nikiwa shahidi.

Lakini martenitsa si kitu cha kuvaa mpaka kioze. Unaivaa hadi umwone korongo wa kwanza, ndege yule mrefu, akirudi kutoka nchi za joto. Ukishamwona, unaivua na kuifunga kwenye mti wa matunda, na anayeendelea kuivaa baada ya hapo anajitafutia mkosi. Hilo kila mtoto analijua. Kwa nini sisi watu wazima watatu hatukulifikiria siku ile, sijui. Nadhani tuliona korongo ni mambo ya mbinguni na bata ni mambo ya bustani.

Mwaka ule korongo walichelewa. Pasaka ilipita, wakawa bado. Jumamosi iliyofuata Neda alikwenda sokoni na kapu la mayai ya bata, akaniachia agizo moja tu. "Walinde wanangu," akasema. "Kesho wakwe wa Milka wanakuja kwa Asparuh, na dada yake ndiye anayepika."

Milka ni binti wa Asparuh, amechumbiwa. Dada yake Asparuh anaitwa Kerana, anakaa karibu na kanisa, na ni mwanamke ambaye hata padri humpisha njia. Kerana alikuwa ameshatangaza mji mzima kwamba wakwe watakula bata wa kubanika, tena watatu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bata hawakuulizwa.

Nilikaa kibarazani kuwalinda. Nikanywa rakia kidogo, pombe yetu kali ya matunda, kwa ajili ya goti. Nikainua macho, na pale juu ya nguzo ya umeme, amesimama kwa mguu mmoja: korongo!

Ukimwona akiruka, mwaka wako ni wa kazi na safari. Ukimwona amesimama, ni mwaka wa kukaa. Nilimshukuru Mungu kwa moyo wote. Nikaivua martenitsa yangu, nikaenda kuifunga kwenye mplamu uliokuwa umechanua, nikasimama pale nikijiona mtu mwema. Na hapo, kwa wema huo huo, nikawakumbuka bata. Maskini, korongo yuko juu yao na wao bado wamevaa! Mke wangu kaniachia niwalinde, nami niache wapatwe na mkosi?

Nikaingia mferejini na viatu vyangu. Kumshika bata mwenye afya asubuhi ya Aprili si mchezo. Nilianguka mara mbili na Stanka akaniuma sikio, kama dada yangu alivyoniuma mwaka ule tulipogombania baiskeli. Lakini sikuacha. Kila mguu niliouona una uzi niliukamata, nikaufungua, nikautia mfukoni, nikamfuata mwingine. Sikuhesabu. Nilipomaliza nikazifunga zote kwenye mplamu pamoja na yangu, nikarudi kibarazani nimelowa chapachapa, nimeridhika. Kwa goti nikaongeza rakia nyingine.

Ndipo Kerana akaingia kwa pengo la uzio, beseni mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Asparuh alikuwa nyuma yake, kofia mkononi, kama mtu anayepelekwa hospitali.

"Bwana Varban, hujambo? Nimekuja kuchukua bata wa kaka yangu. Ameniambia: wenye uzi ni wenu, wasio na uzi ni wetu. Sivyo, Asparuh?"

"Ndivyo," akasema Asparuh. Sauti yake ilikuwa na ujasiri ambao sikuuelewa. "Watazame miguu, dada. Kama wote wana uzi basi tena, tutafanyaje, tutawapikia wageni maharage."

Kerana akatazama. Bata sita, miguu kumi na miwili ya rangi ya chungwa, misafi kabisa.

"Hakuna hata mmoja mwenye uzi," akasema Kerana. "Wote wetu!"

Asparuh akageuka akanitazama. Nimemjua mtu yule miaka arobaini na sikuwahi kuuona uso wake vile. Na mimi ndipo akili iliponirudia, imechelewa kuliko korongo.

"Korongo," nikasema. Nikanyoosha kidole juu ya nguzo. Alikuwa ameshaondoka.

"Korongo yupi?" akauliza Kerana.

"Nimemwona korongo, Bi Kerana. Nimewavua."

"Umewavua bata martenitsa?"

"Si ndiyo desturi?"

Kerana akaliweka beseni chini, akanitazama taratibu kutoka nywele hadi viatu vilivyojaa tope, halafu akaitazama chupa. "Miaka sabini na moja nimeishi," akasema, "nimeona wajinga wa kila namna. Wewe Mungu alikuumba kwa mkono wake mwenyewe, hakumwachia msaidizi."

"Dada, wengine ni wa Neda," akasema Asparuh.

"Basi awatambue mwenyewe. Waite bata wenu, bwana! Wanaoitika ni wenu."

Sikuwa na njia. Nikasafisha koo, na mbele ya majirani nikaanza kuita dada zangu kutoka mferejini. "Dobrinka! Stanka! Pavlina, njoo!" Wote sita wakaja mbio, vidomo wazi, wakidhani nina mkate. Kerana akacheka mpaka kisu kikatikisika.

"Mwanamume mzima! Dobrinka anajua?"

"Hajui. Nakuomba, Bi Kerana."

"Basi nachukua watatu wowote, iwe haki. Asparuh, mshike huyo mnene."

Mnene alikuwa Pavlina, au nilidhani ni Pavlina. Asparuh hakusogea. Na mimi nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka nashangaa: nikaenda nikasimama mbele ya bata, mikono nimeipanua, maji yakinidondoka. Niliogopa kisu, lakini niliogopa zaidi supu ya jioni isiyo na habari.

"Hakuna anayekufa mpaka mke wangu arudi," nikasema.

Akarudi. Basi la saa sita lilimshusha kwenye kona, akaja na kapu tupu, akatukuta hivyo. Akatazama kisu, akatazama miguu ya bata, akanitazama mimi.

"Uzi uko wapi?"

"Mama Lilia, nimemwona korongo."

Neda akafumba macho. Alikuwa akihesabu kimyakimya, najua, maana midomo ilikuwa ikicheza. Alipofika kumi akaniuliza kwa upole wa kutisha, "Umezifunga wapi?" Nikamwonyesha mplamu.

Akaenda. Akasimama chini ya maua kwa muda mrefu, akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Nikamfuata ili nitukanwe kwa faragha. Hakunitukana. Alikuwa ameushika uzi mmoja kati ya vidole.

"Mimi nilifunga bata watatu," akaninong'oneza. "Hesabu."

Nikahesabu. Mmoja wangu, na mwingine, na mwingine. Mbali na wangu kulikuwa na nyuzi sita. Tatu zilikuwa za sufu laini, kazi ya Neda. Tatu nyingine zilikuwa nyekundu na nyeupe vilevile, lakini nene, zimepakwa nta, zimesokotwa barabara. Nikakumbuka vidole vyangu vilivyohangaika na baadhi ya mafundo kule mferejini. Uzi ule niliujua. Ndio uliopo kwenye soli za viatu vya mji mzima.

Nikageuka kumtazama Asparuh. Alikuwa anaikunjakunja kofia, masikio mekundu kama nyanya. Mtu wa watu alikuwa amewafunga bata wake kwa siri ili kuwaokoa, akangojea tu Kerana aje atazame miguu, nami nikaingia na korongo wangu nikamharibia kila kitu.

Neda akaufungua uzi wa nta taratibu, akautia ndani ya aproni, akafanya hivyo kwa zote tatu. Kisha akarudi kwa Kerana akipunga zile tatu za sufu. Nikaanza kupiga hesabu: tatu ni tatu, Kerana angedai watatu waliobaki.

"Bi Kerana, radhi zako," akasema Neda. "Bata hawa wote sita ni wangu."

"Nyuzi tatu, bata sita?"

"Nilifunga wale watundu tu. Wapole wa nini kuwafunga?"

"Na wa kaka yangu wako wapi?"

Neda akamtazama Asparuh. Sote tukamtazama. Asparuh si hodari wa kusema uongo, na ilionekana, maana alichukua muda mrefu kuutafuta.

"Mbweha," akasema.

"Mbweha kala bata watatu, hakuacha hata unyoya mmoja?"

"Mbweha msafi," nikasaidia.

Kerana alitutazama mmoja mmoja. Si mjinga yule mama. Nadhani aliona masikio ya kaka yake, akaelewa kiasi alichotaka kuelewa. Akaokota beseni.

"Wakwe watakula maharage," akasema. "Na wakiniuliza, nitasema nyama kaila mbweha. Wazee wapumbavu nyie."

Lakini maharage hayakupikwa. Neda alitengeneza banitsa, mkate wetu wa matabaka, kwa jibini na mayai kumi na mawili ya bata, na nasikia mama mkwe wa Milka aliomba kipande cha nne.

Jioni ile ile ya Jumamosi Asparuh alipita kwenye pengo la uzio na sufuria ndogo ya uji mzito wa mahindi, ungali na joto. Bata wote sita wakamkimbilia bila kuitwa. Neda akamrudishia nyuzi zake tatu, naye akazitia mfukoni haraka kama mtu aliyeshikwa na barua ya mapenzi.

"Sasa tuambie majina," akasema Neda. "Usijifanye hawana."

Asparuh akajikuna. "Huyo anayeuma ni Kerana. Kwa heshima zote. Yule anayejitazama kwenye maji ni Milka."

"Na wa tatu?"

Wa tatu alikuwa amesimama juu ya kiatu chake, anakula kutoka mkononi mwake.

"Huyu hana jina," akasema. "Nikirudi nyumbani jioni namwambia tu, 'Nimefika.' Nilizoea kumwambia Gina. Kuiambia nyumba tupu siwezi."

Neda hakucheka. Alimwendea akachukua sufuria mkononi mwake, akaanza kuwagawia wengine, ili yeye abaki na huyo mmoja. Mimi nikaenda bandani kutafuta nyundo na misumari, maana niliona huu ndio wakati mwafaka wa kujionyesha mume mwema, na nilikuwa nimeshauweka ubao mahali pake Neda aliponiona.

"Baba Lilia, acha hapo hapo," akasema.

Nikaacha. Pengo lile liko wazi mpaka leo, na ndiyo kazi pekee ambayo mke wangu amewahi kunishukuru kwa kutoifanya.