Saa ya Mvua Huhesabiwa Mbili

Haki ya Mungu, haya yote ni kweli tupu. Nikiongeza hata neno moja, meno yangu manne yaliyobaki yadondoke leo kabla ya chai.

Nilitunza kadi za mahudhurio katika kiwanda cha magodoro miaka thelathini na mmoja. Nilipostaafu, kiwanda kikanunua programu ya mishahara, na karani wa kuipanga akawa mpwa wangu, binti wa dada yangu. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Meneja alishamwambia: mishahara ya Ijumaa ikikosewa, kibarua kimeota nyasi.

Jumatatu akaja kwangu na kompyuta kwapani. "Mjomba, kanuni za ovataimu hazijaandikwa popote. Wanasema zimo kichwani mwako."

Nani asingevimba kichwa? Nikamtajia: saa za kazi zikizidi nane, kila saa ya ziada hulipwa moja na nusu. Siku ya mapumziko, mara mbili. Kusubiri mashine ipate moto nako ni kazi. Yeye anabofya tu. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mzima, lakini ulimi hauna mfupa.

"Na saa ya mvua huhesabiwa mbili. Godoro likilowa, aliyebeba moja kabeba mawili."

"Kweli, Mjomba?"

"Nikudanganye wewe?"

Akaondoka. Nikakaa. Nikasimama. Mwezi ule mvua ilikuwa imenyesha siku kumi na tisa! Nikapiga simu, haipokelewi. Nikazunguka meza mpaka mke wangu akaniambia nitatoboa sakafu. Siku mbili nikijidai sijui kitu. Alhamisi asubuhi uzalendo ukanishinda, nikatoka mbio, kiatu mguu mmoja, kandambili mwingine.

Nikamkuta meneja ofisini, amemsimamia binti kichwani. "Mlinzi wa geti kanizidi mshahara! Kanuni hii umeitoa wapi?"

Programu haijui mvua. Maskini binti, alikuwa amechukua siku za mvua kwenye daftari la getini, akaandika saa za siku hizo mara mbili kwa mkono wake, kadi moja moja, kadi mia na arobaini.

Aliniona mlangoni. Akainamisha macho. "Nimekosea mimi, bosi."

Miguu ilitaka kurudi nyumbani. Mdomo ukaiwahi. "Hajakosea. Nimeitunga mimi."

"Mzee Chumvi!" mlinzi akapiga kelele nyuma yangu. "Na mke wangu nilishamwambia!"

Meneja akavuta kiti. "Kaa. Utaiondoa mvua yako yote, kadi kwa kadi. Zikiwa sawa kesho saa sita, binti anabaki. Wewe hulipwi hata senti."

Nilikaa hapo hadi jioni, nikarudi kabla geti halijafunguliwa. Ijumaa saa nne, mgongo umekakamaa, macho mekundu, nikamnong'oneza mpwa wangu: "Mwanangu, hizi saa zangu zilizozidi nane, si moja na nusu?"

Hakuinua hata uso.

"Bofya, Mjomba. Zimebaki kadi sita."