Taulo la Kwapani

Mimi na shangazi tunafua mataulo ya klabu ya gofu. Mumewe ndiye mpishi wa hapo. Kazini watu wanajilamba vidole kwa mapishi yake, lakini nyumbani hajui hata kiberiti kinakaa wapi.

Jumatatu klabu hufungwa, wafanyakazi tunaachiwa uwanja. Siku moja mpishi akajigamba mbele ya wote, "Mke wangu akivusha mpira bwawani mara tatu mfululizo, Jumapili jiko la nyumbani ni langu!"

Shangazi alilitaka neno hilo kama nini. Tatizo, mpira wake mmoja huvuka, unaofuata huzama, mwingine humfukuza mkata nyasi.

"Kiwiko kinapaa," mwalimu wa gofu alimwambia. "Ufunge huo mkono, mama."

Jumatatu iliyofuata shangazi akaja na bendeji kutoka begani hadi kiganjani.

"Umevunjika?" mwalimu akauliza.

"Si ulisema niufunge?"

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Mpishi naye akadakia, "Kuku ameshafungwa, bado sufuria tu!"

"Na mpishi ni wewe," shangazi akamjibu.

Mwalimu akachomoa taulo dogo kwenye kapu langu, akambana nalo kwapani. "Nilimaanisha hivi. Geuza kifua, mkono ufuate. Taulo likidondoka, ujue mkono umetoroka."

Basi wiki nzima, nyuma ya kamba za kuanikia, shangazi akipunga fimbo, mimi naangalia kwapa.

"Limeanguka, shangazi."

"Nimeona!"

"Tena."

"We mtoto, nitakuanika wewe!"

Lakini aliliokota kila mara. Mwishowe taulo likaanza kukaa, na fimbo ikawa inapita njia ileile.

Jumatatu ikafika. Mpira wa kwanza ukavuka. Wa pili ukavuka, mpishi akaacha kutafuna. Wa tatu, shangazi akainua fimbo, akaishusha bila kupiga. Taulo lilikuwa linateleza. Akalibana upya, taratibu.

"Unaogopa, mama watoto?"

"Nenda kachambue mchele."

Akapiga. Mpira ukaangukia ukingoni kabisa, ukarudi nyuma kidogo, roho zikatutoka, ukanasa kwenye nyasi. Ng'ambo! Mwalimu alipiga kelele kuliko sisi.

Jumapili shangazi alikaa barazani, miguu juu ya kigoda, taulo bado lipo kwapani. Jikoni vifuniko vikalia.

"Mke wangu! Chumvi iko wapi?"

"Palepale ilipo tangu tuoane!"