Jina Lililokwanguliwa Mgongoni mwa Gitaa

Kwa miaka kumi na tisa, Sajini Aber alikuwa akikagua mizigo ya wageni kwenye lango la gereza mjini Jinja. Alikwisha kuona simu iliyofichwa ndani ya mkate, na bangi ndani ya kipande cha sabuni kilichopasuliwa na kuunganishwa tena kwa ustadi. Ndiyo maana mtu akimsifia kitu, kwanza alikigeuza aone upande wa pili.

Kazini hawakujua kwamba alikuwa mpiga gitaa. Alijifunza kwao Gulu akiwa msichana wa kwaya, na alipohamishiwa Jinja alikuja na gitaa lake kavu, lisilotumia umeme. Kisha mwaka juzi mlango wa chuma ukambana kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Kidole kilipona lakini hakikunyooka, na hakikuweza tena kukandamiza zile nyuzi nene. Gitaa akalitoa kanisani. Nyumbani akazoea kusikiliza redio.

Aliyemrudishia hamu ni Olivia, mwanamke aliyepiga besi pale kanisani.

"Jaribu la umeme," alimwambia. "Nyuzi zake nyembamba, na zinalala karibu na shingo. Hazitaki nguvu. Tafuta na spika ndogo ya mazoezi, yenye tundu la hedifoni. Utapiga usiku kucha na jirani asisikie."

Hilo la jirani lilimgusa. Aliishi kwenye nyumba za askari, ambako ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba alijua jirani yake alikoroma upande gani wa kitanda.

Alianzia kwenye duka moja la vyombo vya muziki hapo Jinja. Mwenye duka alimtolea boksi lililokuwa na kila kitu: gitaa jekundu, spika, waya, mkanda. Laki tisa. Aber alipitisha kidole pembeni mwa shingo ya gitaa, na vile vichuma vidogo vya kugawa sauti vikamkwaruza. Akabonyeza uzi wa kwanza. Ulikuwa umeinuka juu kama waya wa kuanikia nguo.

"Hii kwa kidole changu haifai," alisema. "Lakini chomeka kwenye spika nisikie."

"Umeme umekwenda, mama."

Aber aliinua macho. Juu ya kichwa cha mwenye duka feni ilikuwa inazunguka. Akashukuru, akatoka.

Wiki ile ile, Opio, askari mwenzake wa zamu, alimwonyesha tangazo kwenye simu. Gitaa la umeme jeusi na spika ndogo, vyote laki nne, viko Mbale. Muuzaji aliitwa Andrew.

"Laki nne," alisema Aber. "Kwa nini?"

"Wewe nunua tu, afande. Mambo ya kwa nini utauliza baadaye."

Lakini Aber aliuliza mapema. Alimwandikia muuzaji aombe picha. Zikaja picha sita, zote za mbele. Akaomba picha ya mgongo. Ikaja nyingine ya mbele. Akaomba tena, na muuzaji akajibu kwamba simu yake ilikuwa karibu kuzima.

Jioni muuzaji mwenyewe akapiga. Lumasaba, lugha ya Mbale, Aber hakuijua, na Kiacholi mwenzake hakukijua, wakakutana kwenye Kiswahili.

"Mama, wewe Jinja unafanya kazi gani?"

"Nashona nguo," alidanganya Aber.

"Utakuja na nani?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Muuzaji wa kweli huuliza kama una pesa, Aber aliwaza. Huyu anauliza mimi ni nani na nitakuja na nani. Akaamua kwenda, nusu kwa sababu ya gitaa, nusu kwa sababu hakuweza kuacha kifurushi bila kukifungua.

Jumatano, siku yake ya mapumziko, alivaa gomesi, lile gauni refu la akina mama wa Uganda, akaficha pesa mahali ambapo yeye mwenyewe angepekua mwisho, na saa nne na nusu asubuhi alikuwa Mbale. Andrew alikuwa amemwambia asubiri kwenye kituo cha mafuta. Alisubiri dakika kumi, ishirini. Kila alipopiga, simu iliita bila kupokelewa. Ng'ambo ya barabara, mwanamume mwenye shati la bluu alikuwa amesimama kwenye kibanda cha chapati bila kununua chochote. Aber akapiga tena huku anamtazama. Mfuko wa shati la bluu ukawaka mwanga.

Akavuka barabara. "Wewe ndiye Andrew. Umenitazama nusu saa. Umeona nini?"

Mwanamume yule, wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, aliangalia chini. "Nilitaka kujua kama uko peke yako, mama. Twende."

Walichukua boda mbili hadi mtaa wa Nkoma. Njia nzima Aber alikariri kona: kushoto kwenye mashine ya kusaga, kulia kwenye kanisa la mabati. Nyumba yenyewe ilikuwa safi, yenye maua kwenye makopo ya rangi. Mama mtu mzima, Namono, mamake Andrew, alimpa mkono bila kumtazama usoni, kisha akaingia jikoni. Pazia la jikoni likabaki limefunguka upana wa jicho.

Gitaa lilikuwa limefungwa kwenye shuka. Aber alilipokea akakaa kwenye kiti, na kwa muda alisahau kushuku. Lilikuwa jepesi. Alifumba jicho moja akatazama shingo kutoka kichwani kushuka, ilikuwa imenyooka. Pembeni ilikuwa laini. Alibonyeza uzi wa tatu kwa kile kidole kibovu, na kidole kikashuka hadi mwisho bila maumivu.

Akachomeka waya. Spika ikanguruma, ikakatika, ikarudi. Tundu la waya lilikuwa limelegea. Alichomeka hedifoni alizokuja nazo, nazo zilifanya kazi. Kisha akaligeuza gitaa.

Mgongoni, penye nafasi ya kiganja, rangi ilikuwa imekwanguliwa kwa kitu chenye ncha. Palikuwa na jina hapo. Herufi ya kwanza ilibaki nusu, labda R, labda B. Nyingine zote zilikuwa zimechimbwa hadi mti ukaonekana.

"Hapa paliandikwa nini?"

"Sijui, mama. Ndivyo ilivyo."

"Nyuzi zimelegea. Nikazie, nisikie sauti."

Andrew alishika ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi, akauzungusha, uzi ukalia vibaya. Akashika mwingine, wa uzi ambao haukuwa na shida.

"Wewe hupigi gitaa," alisema Aber.

"Ni ya dada yangu."

"Yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Wapi?"

Andrew alianza kulikunja lile shuka. Jikoni sufuria ziliacha kugongana. Na hapo Aber akasikia sauti yake mwenyewe ikibadilika, ikawa ile ya langoni, bila yeye kuiita. "Wewe. Simama hapo. Gitaa hii ni ya nani? Sema ukweli."

Andrew hakusimama. Alichuchumaa. Alishuka mara moja, magoti yamekunjwa, mikono mbele mahali pa kuonekana, macho kwenye miguu ya Aber. Hakuna mtu anayefundishwa kuchuchumaa hivyo nyumbani. Wafungwa huchuchumaa hivyo askari anapowasemesha, na Aber alikuwa ameona jambo hilo kila siku kwa miaka kumi na tisa.

Wote wawili walijua kwa wakati mmoja.

"Afande," alisema Andrew polepole, kama mtu aliyekuwa akitafuta neno siku nyingi.

Namono alitoka jikoni akaja kusimama kati yao, mikono ina unga. "Tena?" alisema kwa Kiswahili chake cha kukatikakatika. "Nyinyi tena? Mtoto yangu kesi iliisha. Karatasi iko."

Aliingia chumbani akarudi na bahasha, akamsukumia Aber. Karatasi ya mahakama. Andrew alikuwa amekaa mahabusu miezi kumi na minne kwa ugomvi wa shamba na mjomba wake, na kesi ikafutwa. Aber aliisoma mara mbili, akatafuta muhuri, akauona.

"Hii haisemi chochote kuhusu gitaa," alisema, ingawa sauti ilikuwa imeshuka.

"Watu wawili walikuja kabla yako," Andrew alisema, bado amechuchumaa. "Waliposikia nimetoka ndani, walisema ni ya wizi. Mmoja alitaka nimpe bure, la sivyo anakwenda polisi. Ndiyo maana nilikutazama kwanza. Ndiyo maana sikupiga picha ya mgongo."

"Basi mpigie dada yako."

"Yuko kazini."

"Mpigie."

Simu iliita muda mrefu kabla ya uso wa mwanamke kutokea, amefunga kitambaa cha kazi, nyuma yake ukuta wa vigae vyeupe. Aliitwa Nasimiyu, alisafisha vyumba kwenye hoteli huko Sharjah, Uarabuni, na alikuwa na dakika chache za chakula cha mchana. Aber hakumweleza lolote. Alimwonyesha gitaa, akamwuliza kama anavyomwuliza mgeni kabla ya kufungua mfuko wake: "Ndani mna nini?"

Nasimiyu alimtazama, akaelewa kwamba anapimwa kama gitaa ni lake kweli. "Ufunguo wa uzi wa tano huteleza. Ukikaza, rudisha kidogo kisha kaza tena. Uzi wa pili ukibonyeza nafasi ya saba, unalia kama nzi. Kwenye spika, kitufe cha katikati si chake, nilitoa kwenye redio."

Aber alijaribu kimoja kimoja. Ufunguo uliteleza. Nafasi ya saba ililia kama nzi. Kitufe cha katikati kilikuwa cha kahawia, vingine vyeusi.

"Na jina?"

Nasimiyu alicheka kwa mara ya kwanza. "La mwanamume. Tulikuwa tunapiga pamoja kwenye harusi, yeye ngoma, mimi gitaa. Akaoa mwingine, na harusi yake nikapiga mimi, nikalipwa. Niliporudi nyumbani nikachukua msumari." Kisha akauliza, "Andrew yuko wapi? Simwoni."

Aber aligeuka. Andrew alikuwa bado chini.

"Inuka," alisema. Akasikia kwamba nayo ilitoka kama amri. Akajaribu tena: "Tafadhali, bwana, keti. Leo mimi sina kazi. Nimekuja kununua gitaa."

Andrew aliinuka taratibu, lakini hakuketi kwenye kiti. Aliketi ukingoni mwa kochi, karibu na mlango. Aber alitaka kusema kitu kingine, neno la kuomba radhi, lakini Kiswahili alichokijua zaidi kilikuwa cha kuamuru. Mwisho alisema, "Nimekukosea, na ndani ya nyumba ya mama yako." Namono alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, akarudi jikoni.

Pesa zilipotoka mafichoni, Aber alisita. "Hata hivyo niandikie karatasi."

"Nilikuwa nataka kukuomba," alisema Andrew. "Usije ukasema nimekuibia hela."

Waliandika nakala mbili. Nasimiyu, ambaye alikuwa bado hajakata simu, aliwatajia namba iliyoandikwa nyuma ya kichwa cha gitaa ili iingie kwenye karatasi. Andrew alisaini, Aber akasaini, na akaongeza chini ya jina lake: askari magereza. Namono alileta chai ya maziwa kwenye vikombe vitatu. Walikunywa wakizungumza habari za mvua, kila mmoja akichunga maneno yake.

Jinja, fundi wa redio aliunganisha upya tundu la waya kwa dakika tano. Kesho yake kazini Opio aliuliza, "Kwa hiyo ilikuwa ya wizi?"

"Hapana. Nina karatasi."

"Na huyo muuzaji ni mtu wa namna gani?"

"Mtu wa Nkoma," alisema Aber, akageukia mfuko wa mgeni aliyefuata.

Jumapili mchana, mvua ikipiga mabati, alivaa hedifoni akakaa kitandani. Alikaza uzi wa tano, akaurudisha kidogo, akaukaza tena. Alianza na wimbo wa mavuno waliouimba Gulu. Alikosea mwanzo, akakosea katikati, akarudia. Kidole kilianza kuuma baada ya dakika ishirini. Alikipumzisha juu ya goti, akarekodi alichoweza, akakituma kwa Nasimiyu, Sharjah. Jibu lilikuja kabla mvua haijakatika: uzi wa sita uko chini kidogo, afande, upandishe.