Milango Mitatu ya Florentin

Mwaka 2002 nusu ya vijana wa Kindu walikwenda China, na hakuna hata mmoja aliyepanda ndege.

Walikwenda kwa Florentin, mpiga picha mwenye chumba kimoja nyuma ya gare, stesheni yetu ya treni. Ukutani alitundika shuka kubwa alilolichora mwenyewe kwa rangi ya mafuta: uwanja wa Tiananmen na lango lake jekundu, kule Beijing, mji ambao sisi huuita Pekini. Aliunakili kutoka kwenye kalenda ambayo panya walikuwa wamekula upande mmoja. Unavaa koti la kahawia ambalo Florentin alimwazima kila mteja, unasimama mbele ya shuka, unashika kiuno, basi umefika. Ilikuwa wakati wa vita, mji umezingirwa, treni haziji, boti haziji, tunachemsha sombe, majani ya mihogo, bila chumvi. Nani ana hamu ya picha wakati kama huo? Watu wote. Kila mmoja alijua kwamba kesho huenda asiwepo, akataka abaki mahali, hata kama ni kwenye karatasi.

Kaka yangu Yassine alipiga picha yake siku ya Jumatatu. Jumatano akavuka mto na rafiki yake Hamadi kwenda kuchimba mihogo kwenye shamba letu la ng'ambo, upande wa Alunguli. Hamadi alirudi peke yake. Alinikuta kisimani akanieleza kwa maneno machache: Yassine amepigwa risasi, na yeye amemfukia palepale mwisho wa shamba, harakaharaka, bila sanda. Risasi ilikuwa ya nani, mpaka leo sijui. Wiki ile ile Hamadi alitoroka kwa miguu kuelekea Kibombo, hatukumwona tena.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama yetu, Mama Hawa, nilimwambia Yassine amepata nafasi kwenye ndege ya mizigo na sasa yuko mbali anafanya kazi. Picha Florentin aliniletea mlangoni, nikaificha. Lakini mama alizidi kukonda. Mwezi wa tatu tangu Yassine aondoke alikataa hata uji, akageukia ukuta. Ndipo nikaitoa ile picha. Nikasema imeletwa na mfanyabiashara, Yassine yuko China, anasalimu.

Mama aliketi. Akaitazama, akaibusu, akaomba wali. Wali niliupata kwa kubadilisha kitenge changu cha pekee. Alikula sahani nzima, akacheka mpaka akapaliwa. Sijawahi kufurahi vile maishani, na sioni haya kulisema.

Mama hakuwahi kukanyaga kwa Florentin, na askari walikuwa wamekwisha kulichukua lile shuka kufunikia mizigo yao. Majirani waliokuwa na picha kama ile walizifungia masandukuni, hawakunisaliti. Kila Idi nilibuni salamu mpya. Nilimwoza Yassine kwa Mchina, nikampa na watoto wawili. Siku moja mjomba alimtaja katika dua ya marehemu wetu, mama akamfukuza kwa mchi wa kinu mpaka barabarani. "Mutoto wangu iko muzima! Weye njo utakufa!" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe.

Miaka ishirini na miwili ikapita hivyo. Mwaka 2024, mimi sasa muuza vitenge wa soko la Kindu, nikapata safari ya kwenda Guangzhou kununua bidhaa. Mama, ambaye magoti yake yamechoka lakini ulimi bado, alinishika mkono.

"Latifa, fika pale kwa uwanja. Piga foto na yaya yako Yassine. Sitaki salamu tena. Nataka nimuone na weye, ndani ya foto moja."

Nilikubali, kwa sababu nilikuwa na mpango. Ningepiga picha peke yangu, nirudi niseme Yassine alifia kule mwaka jana, wamemzika vizuri. Mama angeweka matanga, uongo wangu ungefukiwa pamoja na maiti, na mimi ningelala usingizi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Pekini.

Nilikwenda na Bibiche, mfanyabiashara wa Goma niliyekutana naye sokoni Guangzhou. Walitukagua pasipoti, wakatukagua mifuko, kisha uwanja ukafunguka mbele yetu. Ni mpana kiasi kwamba watu elfu kadhaa wako mle na huwasikii nyayo. Niliangalia lile lango jekundu nikahesabu milango. Mitano. Juu ya mlango wa katikati pametundikwa picha kubwa ya uso wa mtu. Florentin alichora milango mitatu, na mahali pa uso alichora saa ya gare yetu, maana aliogopa askari watamuuliza huyo ni mkubwa wa nani. Nilicheka kwa sauti mpaka Bibiche akaona haya.

Nikiwa bado nacheka, nikasikia harufu ya rangi ya mafuta.

Mbele yangu alisimama mwanamume, mgongo kwangu, mkono kiunoni. Koti la kahawia, mikono ya koti mifupi kwake. Nywele zilikuwa za mtu wa kwetu. Niliita, "Yaya!" Hakugeuka. Alianza kutembea taratibu, kama mtu anayekwenda shambani asubuhi, nami nikamfuata nikiwasukuma watu, nikilia na kuomba radhi kwa lugha ambayo hawakuielewa. Alifika kwenye vyuma vinavyotenga uwanja na barabara, kisha pakawa na vyuma tu. Bibiche alinikamata begani.

"Unakimbilia nani, ndugu yangu?"

"Yule wa koti."

"Latifa, mbele yako hapana muntu wa koti."

Alinipangusa uso kwa kitambaa chake, akachukua simu yangu anipige picha. Mara tatu aliniambia nisogee katikati. Miguu ilikataa. Katika picha ile nimesimama pembeni, na kando yangu kuna nafasi ya mtu mmoja.

Nilirudi Kindu. Mama alikuwa kwenye mkeka, miwani tayari puani. Nilianza hotuba niliyoifanyia mazoezi njia nzima: "Mama, jikaze, Yassine..." Akainua mkono.

"Foto kwanza."

Nilimpa. Akaitoa ya Yassine kifuani, akaziweka sambamba mkekani. Kidole chake kikatembea juu ya ya zamani, kisha juu ya mpya, kisha kikarudi mwanzo.

"Kwake milango njo tatu. Kwako njo tano."

"Waliongeza, mama."

"Na hii saa?" Aligonga picha ya Yassine. "Hii saa iko ya gare yetu. Tangu zamani najiuliza. Nikasema, wazungu njo walituletea, labda waliuzisha na kwa Wachina." Akavua miwani. "Latifa. Mutoto wangu iko wapi?"

Ule uongo wa pili ulikuwa mdomoni, tayari kabisa. Ukanishinda. Nilimwambia yote: shuka, koti, kisima, Hamadi, mwisho wa shamba.

"Na siku nilikula ule wali?"

"Alikuwa na miezi mitatu ardhini, mama."

"Nilikula. Nilicheka. Yeye iko ndani ya udongo, bila sanda, bila dua, miye nacheka." Sauti yake haikupanda. "Muntu akataka kumuombea, nikamufukuza na muchi."

"Nilitaka upone, mama. Ungekufa."

"Ningekufa, ndiyo. Ningemukuta." Akatazama mlangoni, upande wa mto. "Kila siku nikichota maji, ile ngambo iko mbele ya macho yangu."

Aliinuka mwenyewe, akajifunga kitambaa kichwani, akatandika mkeka mkubwa katikati ya chumba. Niliketi kando yake kama binti anavyoketi na mama yake siku ya msiba. Akanigeukia.

"Toka. Weye ulilia yako, peke yako, miaka makumi mbili na mbili. Acha na miye nilie yangu."

Nilitoka. Kilio chake kilipofika barabarani majirani walikuja, na hakuna aliyeuliza nani amekufa. Walikuja wameshika picha za vijana wao waliokufa katika vita ile. Walizitoa masandukuni, nyingine zimeliwa na mende, wakaziweka mkekani moja moja mbele ya mama: vijana kumi na mmoja, koti moja, milango mitatu, saa ya gare. Shehe aliwasomea wote kwa majina, na mama aliitikia kila jina.

Mimi nilikuwa uani, napika wali wa hitima. Sahani ya kwanza niliijaza mwenyewe, nikampa mtoto wa jirani ampelekee mama. Ilirudi imejaa vilevile.