Kankindi na Barua ya Mke wa Bosi

Kusema kweli, Kankindi hakujifunza Kikorea. Alijifunza kukisoma tu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Muulize yeyote anayeimba Kilatini kanisani.

Alikuwa mpishi wa Bwana Pak, Mkorea mhandisi wa barabara, huko mtaani Kiyovu. Mwaka huo wa tisini na mbili alikuwa amechoka kunuka vitunguu, na bosi alikuwa akitafuta mtunza stoo: mtu wa kukaa kitini, funguo kiunoni, awezaye kusoma maandishi ya kwenye maboksi ya vipuri. Kankindi aliitamani kazi hiyo hadi usingizi ukamhama.

Akaanza na chupa za sosi na paketi za tambi, bosi akimtajia sauti ya kila herufi. Baada ya miezi miwili alikuwa anasoma magazeti ya bosi mbiombio. Maana? Maana alimwachia Mungu. Melchior, mlinzi wa getini, akambatiza Kasuku.

Jumamosi moja Bwana Pak akaikalia miwani yake, krach! Na barua ya mkewe imefika asubuhi hiyo hiyo. Kuwapelekea Wakorea wenzake aliona haya. Akamwita Kankindi.

"Wewe soma. Ukisoma vizuri, Jumatatu stoo yako."

Wee, alisoma! Alitiririka, sauti juu, sauti chini, kama bosi mwenyewe anapoongea kwenye simu. Kufika ukurasa wa pili, bosi analia. Sasa mtu mzima analia mbele yako, utamkodolea macho tu? Hata adui huambiwa pole.

"Ihangane, bosi," akasema Kankindi kwa huruma ya kweli. "Pole sana, ndiyo dunia."

Bwana Pak akainua kichwa. "Umeelewa?"

Dirishani alisimama Melchior, kicheko kimemjaa mdomoni. Kankindi akamwona, kiburi kikampanda.

"Kila kitu, bosi. Hadi nukta ya mwisho."

Uso wa mzee ukabadilika. Akaichukua barua, akaikunja mara nne.

"Mimi nilitaka mtu haelewi," akasema. "Leo kazi kwisha. Usirudi."

"Yampayinka! Bosi, nilidanganya! Sielewi hata neno moja, haki ya Mungu, nasoma tu!"

Bwana Pak akatikisa kichwa. Mtu asome vile, apumue panapostahili, afariji panapostahili, halafu aseme haelewi? Uongo wa mchana kweupe. Akaenda kumfungulia geti mwenyewe.